Kisiwa, Daktari na Nasaba: Historia ya Hofu ya Majaribio ya Jeni katika Bunilizi na Maana Yake kwa Sera

Utangulizi

Mwaka 1896 H. G. Wells alichapisha jijini London riwaya fupi iitwayo The Island of Doctor Moreau. Inasimulia habari za daktari aliyelazimika kuihama Uingereza baada ya ukatili wake kwa wanyama kufichuliwa, akajificha katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Pasifiki, na huko akawa anawapasua chui, fisi na nguruwe ili awageuze watu. Viumbe hao walisimama kwa miguu miwili, wakajifunza kusema, wakakariri sheria waliyotungiwa. Kisha, kidogo kidogo, unyama ukawarudia, na daktari mwenyewe akauawa na mnyama aliyemtoroka kutoka meza ya upasuaji.

Makala haya yanafuatilia namna kisa hicho kilivyogeuka kuwa kiolezo cha bunilizi ya kisayansi ya kutisha inayohusu majaribio ya jeni yaliyokwenda mrama. Dai langu ni kwamba vifaa vya daktari vimebadilika kizazi baada ya kizazi, bali umbo la kisa halikubadilika. Umbo hilo limetuzoesha kumwogopa kiumbe, tukasahau kumuuliza maswali mwenye kisiwa. Nayaandika nikiwa mtafiti wa lugha, si mwanabiolojia. Ndiyo maana nusu ya pili inahusu maneno.

Kisu, sindano, DNA

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba Wells hakuwa na neno jeni. Alisomeshwa biolojia na Thomas Huxley, mtetezi mashuhuri wa Darwin, lakini matokeo ya Gregor Mendel kuhusu urithi wa mbaazi, yaliyochapishwa mwaka 1866, yalikuwa bado yamelala kabatini. Yaligunduliwa upya mwaka 1900. William Bateson akapendekeza jina la taaluma ya jenetiki mwaka 1905, na Wilhelm Johannsen akalibuni neno jeni mwaka 1909. Kwa hiyo Moreau wa mwaka 1896 ni mpasuaji tu: anakata, anaunga, anashona.

Kisa kilipoingia katika sinema, kisu kilianza kumponyoka. Filamu ya kwanza mashuhuri ya Kimarekani, Island of Lost Souls, iliyotengenezwa mwaka 1932, bado ilikuwa na chumba cha upasuaji kinachotisha kwa mayowe yake, na Uingereza iliikataa isionyeshwe hadi mwaka 1958. Katika filamu ya mwaka 1977 Moreau hutumia sindano yenye dawa inayobadilisha urithi wa kiumbe. Katika ile ya mwaka 1996 huchanganya DNA ya binadamu na ya wanyama. Mwaka huohuo wa 1996, mwezi Julai, kondoo Dolly alizaliwa katika Taasisi ya Roslin huko Scotland, mamalia wa kwanza kunakiliwa kutokana na seli ya mnyama mzima. Kati ya filamu hizo mbili, Michael Crichton alikuwa amechapisha Jurassic Park (1990), ambamo wanasayansi wanawafufua dinosaria kwa DNA ya kale. Napo ni wapi? Kisiwani.

Kisiwa si pambo. Kinampa mwandishi mahali pasipo na sheria, pasipo na jirani wa kuuliza, na ambapo bahari italizuia balaa lisifike nyumbani kwa msomaji. Hofu inakuwa salama. Msomaji wa London alifunga kitabu akalala.

Msomaji wa kisiwani

Je, kama msomaji anaishi upande wa kisiwa? Katika sura ambayo Moreau anaeleza kazi yake, anasimulia jinsi alivyomtengeneza mtu wake wa kwanza kutokana na sokwe mkubwa, na alipomaliza akamwona ni mfano mzuri wa mtu mweusi. Jambo hili limesemwa kwa sentensi moja tu, kama mtu atajavyo hali ya hewa. Wahakiki wengi hulipita kwa haraka. Mimi kila ninapoifundisha riwaya hii hukwama hapo, kwa kuwa darasa lote hukwama. Kiumbe anayepaswa kumtisha msomaji amewekwa katika ngazi moja nasi, na ngazi hiyo ni ya kwanza kutoka kwa mnyama.

Miaka 10 baada ya riwaya hiyo kutoka, kisiwa halisi kilipata daktari halisi. Robert Koch, Mjerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1905, alifika katika Visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, kwa idhini ya Waingereza. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea. Kwa jumla mlipuko ule uliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda. Kati ya mwaka 1906 na 1907 Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Vimelea viliporudi katika damu, aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Kisha Koch akarejea Ujerumani, na wakazi wa visiwa hivyo wakahamishwa na serikali ya kikoloni.

Sisemi kwamba Koch ni Moreau. Alikuwa akitafuta tiba ya maradhi yaliyoua, na wapo waliokwenda kambini kwake kwa miguu yao wenyewe, wakitumaini kupona. Wala majaribio yale hayakuhusu jeni. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kile ambacho kiolezo cha kisiwa huficha. Hapakuwa na kiumbe wa ajabu pale Ssese, wala daktari aliyepagawa. Palikuwa na kipimo kilichoongezwa, idhini iliyotolewa na mtawala kwa niaba ya mtawaliwa, na wagonjwa waliobaki vipofu baada ya mtafiti kuondoka. Hakuna sinema inayoweza kuuza tiketi kwa mambo hayo.

Meya, zimwi na sisimizi

Mwezi Februari 1975 wanasayansi wapatao 140 walikutana Asilomar, California, kujadili hatari za kuunganisha DNA za viumbe tofauti. Wengi wao walikuwa wataalamu wenyewe. Umma ulilivamia suala hilo mwaka uliofuata, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, Chuo Kikuu cha Harvard kilipokusudia kujenga maabara ya utafiti huo. Meya Alfred Vellucci aliitisha vikao vya hadhara, akamtaja hata Frankenstein, yule mwanasayansi wa riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Baraza la mji likaomba utafiti husika usitishwe kwa miezi 3, muda ambao baadaye uliongezwa.

Yaliyofuata yanafaa kusomwa polepole na kila mshauri wa sera. Mji uliunda kamati ya raia, wengi wao wasiokuwa na taaluma ya biolojia: alikuwamo muuguzi, mtawa, mhandisi wa majengo, mfanyabiashara wa mafuta ya kupashia nyumba joto. Kamati ilikaa miezi kadhaa ikiwahoji wataalamu wa pande zote. Suala moja lililowashughulisha watu katika mjadala ule lilikuwa sisimizi. Jengo lililokusudiwa lilikuwa na sisimizi sugu, nao hupita popote, hata penye kuta nene na milango ya kufuli. Mapema mwaka 1977 kamati ilipendekeza utafiti uendelee kwa masharti, na mji ukatunga sheria yake. Leo Cambridge ni miongoni mwa vituo vikubwa vya bioteknolojia duniani.

Mwezi Mei mwaka huohuo Meya Vellucci aliiandikia Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, akiomba ichunguze kama viumbe wa ajabu walioripotiwa magazetini walihusiana na majaribio hayo. Watu walicheka, na bado wanacheka. Lakini tusimcheke sana: yeye ndiye aliyefungua mlango ambao mtawa na mhandisi waliingilia. Zimwi liliuita mkutano. Kazi yenyewe ilifanywa na walioacha kulizungumzia zimwi wakauliza habari za sisimizi.

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindana katika uwanja huu. Jeni limetoka Ulaya, na linatofautiana na jini kwa irabu moja tu. Wanafunzi wangu, tena si wachache, huandika jini pale walipokusudia jeni. Zamani nilisahihisha kwa wino mwekundu, siku hizi hucheka kwanza. Neno la pili ni vinasaba, lililoundwa kutokana na nasaba, yaani ukoo, kwa kiambishi cha udogo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu, na msomaji wa magazeti hukutana na neno hilo kila panapozuka mgogoro wa mtoto ni wa nani, au maiti isipotambulika. Kwa hiyo vinasaba lina harufu ya nyumbani. Linauliza: wewe ni wa nani?

Yapo pia kuumba na kuumbua. Kimofolojia ni jozi kama funga na fungua, ziba na zibua. Kuumbua ni kuharibu umbo, na katika matumizi ya kila siku ni kumvua mtu sitara mbele za watu. Moreau, kwa Kiswahili, si muumba aliyeshindwa. Ni mwenye kuumbua, nalo ni kosa linalomhusu aliyetendewa kuliko aliyetenda. Tena tuna methali isemayo kabla hujafa hujaumbika, ambayo wazee huitumia kumkanya anayemcheka mlemavu. Methali hiyo haimwoni aliyebadilika umbo kama zimwi. Inamwona kama mimi wa kesho.

Fasihi yetu ya kubuni ulimwengu mwingine imefuata njia hiyo zaidi ya njia ya kisiwa. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake mbali kwa chombo cha angani, akaiita nchi aliyofikia Walenisi. Ukilikata jina hilo, linasema wale ni sisi. Linganisha na msimulizi wa Wells, ambaye anarudi London na kuwaona watu wa barabarani kama wanyama, akawakimbia. Wote wawili wamegundua jambo lilelile. Mmoja limempa hofu, mwingine limempa ujamaa.

Panya wa pichani na jina la sheria

Mwezi Septemba 2012 timu ya Gilles-Éric Séralini nchini Ufaransa ilichapisha utafiti kuhusu panya waliolishwa mahindi ya GMO, ukiwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Picha zile zilisambaa kuliko takwimu zake. Mwezi Novemba baraza la mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Mwaka mmoja baadaye jarida liliuondoa utafiti huo; wahakiki walikuwa wamelalamika kwamba panya wa aina ile hupata uvimbe kwa wepisi hata wasipolishwa chochote kigeni, na kwamba idadi yao katika kila kundi ilikuwa ndogo. Marufuku yaliendelea hadi Oktoba 2022, na yalipoondolewa suala likafika mahakamani. Kwa takriban miaka 10 mjadala ulikuwa wa panya wa pichani: zimwi, tena lililoletwa kutoka mbali.

Uganda mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Bunge lilipitisha muswada wa bioteknolojia na usalama wa viumbe mwezi Oktoba 2017. Rais Museveni aliurudisha bila kuutia saini. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba sheria ilielekea kumpa haki mwenye hataza na kuzisahau jamii zilizotunza mbegu asilia, na kwamba mbegu hizo zisichanganywe ovyo na zilizobadilishwa. Jina lenyewe la sheria nalo lilitiliwa shaka. Muswada uliporudi na kupitishwa tena mwaka 2018, ulikuwa na jina jipya, la kudhibiti uhandisi jeni, na baadaye ukarudishwa kwa mara nyingine. Mtu aweza kukubaliana na hoja zile au kuzikataa. Ila zilikuwa hoja za nasaba na miliki, si za zimwi. Hata jaribio lililoushtua ulimwengu mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2018, pale He Jiankui wa China alipotangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao jeni zao zilihaririwa wakiwa viinitete, halikutoa kiumbe wa kutisha. Alifungwa miaka 3. Watoto wale ni watoto. Kinachotia wasiwasi ni kwamba mabadiliko hayo yaweza kurithiwa na watoto wao, na hao hawakuulizwa na hawawezi kuulizwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mkalimani katika mkutano wa wakulima karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Afisa alieleza kwa Kiingereza mahindi yanayostahimili viwavi. Mimi nikasema mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Bibi mmoja aliyeketi mbele akainua mkono.

“Nasaba ya nani, mwanangu?”

Nilipoifikisha, afisa alijibu vizuri, tena kwa subira, kwamba ni ya bakteria wa udongoni, na kwamba haimdhuru mtu.

“Sikuuliza iliyotiwa ni ya nani,” bibi akasema. “Nauliza mbegu hiyo nikiipanda, nikaivuna, nikaitunza darini, msimu ujao itakuwa ya ukoo wangu au wa huyo aliyeileta?”

Afisa alinigeukia kana kwamba nimekosea kutafsiri. Nikarudia. Alisema muda umekwisha, swali litajibiwa kwa maandishi. Ripoti ya mkutano ilipoletwa kwangu niihakiki Kiswahili chake, nililikuta swali la bibi chini ya kichwa “Hofu na Imani Potofu za Wananchi”. Nilisahihisha tahajia, nikairudisha.