Likizo na Watoto wa Nyumba Moja

Wenzetu wa Ulaya hufunga shule zao kwa wiki nyingi wakati wa kiangazi, jua linapowapendeza. Sisi wa Same jua tunalo karibu mwaka mzima, kwa hiyo likizo zetu hazikupangwa kwa ajili yake. Shule zetu hufungwa mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha, na tena mwezi wa Desemba, wakati wa mvua za vuli na palizi. Hata hivyo swali la mzazi ni lile lile, huko na huku. Nyumba moja ina mtoto wa miaka 4, wa miaka 8 na wa miaka 13. Wote wapo nyumbani kutwa. Wafanye nini?

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na umri wangu umepita miaka 70. Kila likizo wazazi hunijia na swali hilo, wakidhani kwamba aliyepita chuo cha ualimu ana jibu lake mfukoni. Ninapenda kulijibu kwa kutazama nyuma, kwa sababu nimegundua kwamba swali lenyewe si la kale. Bibi zetu wa milima ya Upare hawakuliuliza. Hebu tuone kwa nini.

Katika nyumba ya Kipare ya enzi zile, kazi nyingi zilikuwa na ngazi, na kila mtoto alipata ngazi yake. Chukua mfano wa makande, chakula chetu cha mahindi na maharage ambacho hukaa jikoni kwa saa nyingi. Mdogo kabisa alichambua maharage na kutoa mawe. Wa kati alileta maji na kuni. Mkubwa alichochea moto na kuangalia chungu kisikauke. Mama aliweza kwenda shamba akarudi na kukuta chakula kinaiva na watoto hawajapigana, maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutosha kupigana.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye ndiva. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa dogo linalokinga maji ya mfereji usiku, ili yafunguliwe asubuhi na kugawanywa mashambani kwa zamu. Siku ya zamu yetu tulikwenda wote. Wakubwa walishika majembe kuelekeza maji kwenye matuta. Wa kati waliziba kwa udongo mahali maji yanapotorokea. Mdogo alisimama mwisho wa shamba, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele maji yakimfikia miguuni. Alijiona mtu muhimu kuliko wote, na kwa dakika ile ni kweli alikuwa muhimu.

Michezo nayo ilifuata mpango huo huo. Katika kombolela, mtoto ambaye hajui kujificha alifichwa pamoja na dada yake, au aliachwa akimbie ovyo bila kuhesabiwa. Katika mdako, mkubwa alirusha jiwe juu na kuchota kete nyingi kwa mkono mmoja, na mdogo aliruhusiwa kuchota moja moja. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 lilikuwa la wazee na vijana, lakini mtoto aliyekaa pembeni akiokota kete zilizoanguka alijifunza kuhesabu kabla hajaona ubao wa darasani. Kanuni haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua: mchezo hulegezwa kwa ajili ya mdogo, haukatazwi kwake.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika historia ni hatari. Mpango ule ulikuwa na gharama, na gharama hiyo alilipa mtoto mmoja, yaani binti mkubwa. Yeye ndiye aliyembeba mdogo mgongoni kuanzia asubuhi. Hata katika mchezo alicheza akiwa na mzigo. Katika miaka ya 1950, nilipoanza shule, wasichana wengi wa rika langu hawakuanza pamoja nami, na wengine walianza kisha wakatolewa, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto wa kulea. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Walisema kweli, lakini mara nyingi mkono wa pili ulikuwa wa mtoto wa miaka 9.

Shule ndiyo iliyobadili mambo haya, na ilibadili kwa hatua. Wakati wa ukoloni, baada ya darasa la nne wachache waliofaulu walikwenda shule ya kati, mara nyingi ya bweni. Kijana aliporudi likizo alikuwa kama mgeni nusu. Wadogo zake walimzunguka kwa siku mbili wakimtazama viatu, kisha siku ya tatu walikuwa wanafunzi wake. Alichora herufi kwenye vumbi la uani kwa kijiti, akawafundisha nyimbo na mpira. Wako watu wazima leo ambao herufi za kwanza walizipata kwa kaka aliyekuja likizo, wala si kwa mwalimu.

Baada ya Uhuru, mwaka 1967 ulileta Elimu ya Kujitegemea, na Novemba 1974 chama cha TANU kiliamua huko Musoma kwamba ifikapo 1977 watoto wote wa rika la shule wapate elimu ya msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliwabana wazazi wasiwaache nyumbani watoto wenye umri wa kwenda shule. Kwa binti mkubwa huu ulikuwa ukombozi, na nilipoanza kufundisha niliwaona mabinti hao darasani kwa macho yangu. Lakini kila faida ina kivuli chake. Darasa huwapanga watoto kwa umri, wa miaka 8 na wa miaka 8. Ndugu walioshinda pamoja kutwa sasa waliachana asubuhi na kukutana jioni. Likizo ikawa ndiyo nafasi pekee ya ndugu wote kushinda pamoja mchana, na kila mwaka walizidi kuwa wageni kwa wenzao.

Kisha vikaja vyombo. Redio ilisikilizwa na nyumba nzima kwa pamoja, mdogo akiuliza na mkubwa akieleza. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, nayo mwanzoni iliwakusanya hata watoto wa majirani. Simu ya mkononi ni ya mtu mmoja. Watoto wanaoletwa kwetu Juni kutoka Dar es Salaam na Arusha huketi kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akiwa peke yake.

Chuoni tulifundishwa habari za Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma Januari 1907. Yeye aliwachanganya kwa makusudi watoto wa umri tofauti katika chumba kimoja, kwa sababu aliona mdogo hujifunza kwa kumtazama mkubwa, na mkubwa huelewa zaidi kwa kumwonyesha mdogo. Niliposoma hayo nilitabasamu, nikikumbuka ndiva.

Basi ndugu mzazi, usitafute mchezo mmoja wa miaka 4, mwingine wa miaka 8 na wa tatu wa miaka 13. Utachoka kabla ya wiki kwisha. Tafuta jambo moja lenye ngazi tatu. Bustani ya mchicha inazo: mmoja alime, mmoja apande, mmoja amwagie maji. Gari la waya linazo, na mpira wa kushona kwa matambara unazo. Hadithi ya jioni inazo pia, mkubwa akisimulia, wa kati akiitikia na kumsahihisha, mdogo akisinzia.

Ila tusirudishe mzigo wa zamani. Mwache binti mkubwa awe na saa zake kila siku, asome au acheze na wa rika lake bila kuulizwa mtoto yuko wapi. Na zamu ya kumwangalia mdogo imfikie kaka pia. Mvulana aliyewahi kumwosha mdogo wake miguu hatashangaa akiwa baba.

Shule zikifunguliwa, kila mmoja atarudi kwenye darasa lake, miongoni mwa wa umri wake, na ndivyo maisha yatakavyowapanga kwa miaka mingi mbele. Wiki hizi chache ndizo wanazopata za kujuana. Wakishakuwa watu wazima, siku ya msiba au ya kugawana shamba la baba, wataonekana kama walizitumia.