Jembe na Chungu Katika Shule Zetu

Wazee wetu walisema, "Penye miti hapana wajenzi." Maneno haya yampasa kuyakumbuka kila mtu atazamaye habari za chakula katika nchi yetu. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa yasifika kwa mahindi, na magunia yake huchukuliwa kwa malori kwenda kulisha miji ya mbali. Lakini katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka wa 2022, ilionekana ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko ilivyopasa umri wao. Katika mkoa wa Iringa hesabu hiyo ilikuwa karibu 57, na katika Njombe na Rukwa karibu 50. Basi ghala limejaa, na mtoto aliyezaliwa kando ya ghala hakui.

Sababu za kudumaa ni nyingi: maradhi, maji machafu, umaskini, na uchovu wa mama aliye mjamzito. Lakini mojawapo ni kumlisha mtoto chakula cha namna moja tu, siku zote. Hatuwezi kusema ya kuwa wazazi hawa hawajui kulima, wala hatuwezi kusema ya kuwa shule hazikufundisha kilimo, maana jembe limo katika shule zetu tangu siku za babu zetu. Nataka kueleza kwa ufupi jinsi jembe hilo lilivyoingia shuleni, na kwa nini kwa muda mrefu limetembea peke yake, mbali na chungu.

Zamani, kabla ya shule, mtoto alifundishwa habari za chakula pasipo kitabu. Asubuhi alikwenda shamba pamoja na mama yake, akaamia ndege katika mtama na ulezi. Njiani bibi yake alimwonyesha mboga za mwituni, hii yaliwa, na ile ni chungu, yataka kuchemshwa na kumwagwa maji. Jioni yule mtoto aliketi jikoni akaona mboga ile ile ikitiwa karanga zilizotwangwa, akala. Kupanda, kuvuna, kupika na kula kulikuwa somo moja. Si kwamba kila kitu kilikuwa chema. Njaa zilikuwako, na miiko mingine iliwanyima wanawake na watoto mayai na nyama. Lakini mkono uliolima na mkono uliopika ulikuwa mkono mmoja, na mtoto aliuona.

Kisha mambo yakageuka. Serikali za kikoloni zilitoza kodi, na wanaume wengi wakaenda kufanya kazi mbali, katika mashamba ya mkonge na kahawa na katika migodi, ambako walipewa posho ya unga wa mahindi. Mahindi, yaliyoletwa kutoka bara la Amerika na Wareno tangu zamani, yakaenea mahali pengi yakashika nafasi ya mtama na ulezi. Mama akabaki na kazi ya watu wawili. Na mtoto je? Mtoto alitiwa shuleni. Hapa lazima tuseme kweli: shule, ambayo tunaipenda na iliyotufumbua macho, ndiyo iliyomtoa mtoto kando ya bibi yake saa zile zile ambazo angalijifunza chakula. Ilichukua somo lile, isiweke jingine mahali pake.

Wako walioliona pengo hili mapema. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilitembelea nchi za Afrika ya Mashariki kutazama elimu. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe alikuwa James Aggrey, mwalimu Mwafrika mashuhuri wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana sasa. Tume hiyo ilisema ya kuwa shule za vijiji zapaswa kufundisha afya, ukulima na maisha ya nyumbani pamoja na kusoma na kuandika. Mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Jina hilo ni la Anna Jeanes, mama mmoja wa Marekani ambaye mwaka wa 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi wa kusini mwa nchi yake.

Jambo jema la Kabete lilikuwa hili: mwalimu hakwenda peke yake. Alikwenda na mkewe na watoto wake, wakakaa katika nyumba yao wenyewe kama watu wa kijijini. Mume alijifunza kusimamia shule ndogo ndogo na kulima bustani. Mke alijifunza kulea watoto, kupika, kushona na usafi wa nyumba. Waliporudi kwao, jirani aliweza kuona shamba na jiko katika ua mmoja.

Hata hivyo wazazi wengi hawakupendezwa na elimu ya jembe, na tusiwalaumu upesi. Walimwona mtoto wa Mzungu akifundishwa vitabu, na mtoto wao akipewa jembe, wakauliza, "Je, mwanangu aliacha shamba langu aje alime shamba la shule?" Tena katika sehemu nyingi za Kenya baba alikatazwa kupanda kahawa, zao lililokuwa na faida, huku mwanawe akihimizwa apende ukulima. Ukulima gani? Katika miaka ya 1930 Wakikuyu wengi walijenga shule zao wenyewe, na moja ya haja zao ilikuwa watoto wapate elimu ya vitabu na Kiingereza kwa ukamilifu. Basi jembe likapata sifa mbaya: likaonekana kuwa alama ya kumweka mtu chini. Mahali pengine waalimu wenyewe waliongeza sifa hiyo mbaya kwa kulifanya kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipimiwa ngwe ya kulima, na mtoro akapimiwa mbili. Mwenye kufundishwa hivyo hujifunza jambo moja tu, ya kuwa kulima ni malipo ya kosa.

Wakati huo huo waganga walikuwa wakitafuta sababu ya ugonjwa mmoja wa watoto. Mtoto huvimba miguu na uso, nywele zake hugeuka rangi, ngozi hubanduka, naye hununa asitake kucheza. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, aliandika habari zake mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akautangaza kwa jina walilolitumia Waga, wenyeji wa huko: kwashiakoo, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake anazaliwa. Alionyesha ya kuwa mtoto huyu hakurogwa. Aliachishwa maziwa ya mama akapewa uji wa mahindi mtupu, usio na kitu cha kuujenga mwili.

Hapa kwetu wazee nao waliona jambo lilo hilo, wakasema mtoto "amebemendwa", yaani wazazi hawakushika miiko ya kulea, mimba nyingine ikaingia mapema. Walipoona ya kuwa mtoto huharibika mdogo wake akifuata upesi, waliona kweli. Lakini neno lile lilileta aibu, na mama mwenye aibu humficha mtoto ndani badala ya kumpeleka kwa mganga, wala halikumwambia atie nini chunguni.

Jibu la chunguni lilionyeshwa vizuri sana Kampala. Mwaka wa 1965 katika hospitali ya Mulago ulianzishwa mji mdogo wa kuponya watoto hawa, ukaitwa Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Waganda juu ya mtoto mwenye afya. Humo mama hakuketi akingoja sindano. Alikaa na mtoto wake, akaona vyakula vikimea katika bustani, akapika mwenyewe kitobero, yaani ndizi au chakula kingine cha kawaida kilichochanganywa na maharagwe, karanga, samaki au maziwa. Siku kwa siku aliona uvimbe ukishuka na mtoto akianza kucheka. Aliporudi kijijini hakuwa na haja ya kuwahubiri majirani, maana mtoto mwenyewe alikuwa ushahidi. Bustani, chungu na mtoto viliwekwa mahali pamoja, kama kwa bibi wa zamani, na elimu mpya ikaongezwa juu yake.

Mwaka wa 1967 Mwalimu Julius Nyerere, rais wa Tanzania, alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Aliagiza kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya kuleta mali. Lakini hakutaka wanafunzi wawe vibarua wa kuamriwa. Alitaka washiriki kupanga kazi, waweke hesabu, na kuona kwa macho yao faida ya mbolea na ukulima bora. Kwa bahati mbaya, shule nyingi zilishika nusu ya maneno yake. Shamba likatazamwa kwa fedha zake: mahindi yakauzwa, fedha zikanunua chaki au bati, na mtoto aliyeyapalilia akarudi nyumbani na njaa. Nchi haikunyamaza, mwaka wa 1975 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, ambayo ilikusanya watu wazima katika vikundi kusikiliza na kuzungumza juu ya lishe. Tena mwaka wa 1983 mpango mkubwa ulianza katika vijiji 168 vya Iringa. Watoto walipimwa uzito mbele ya wanakijiji, na viongozi wakaulizana, "Kwa nini huyu amepungua, nasi tufanye nini?" Katika miaka ile ile Watanzania walihimizwa kutumia kimea, ambacho akina mama walikijua tangu zamani kwa kutengenezea togwa na pombe. Kimea kidogo hulegeza uji mzito, mtoto akaweza kumeza chakula cha kutosha pasipo kuujaza uji maji.

Labda msomaji atauliza, "Kudumaa huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto wa shule amekwisha pita hapo. Shule itafaa nini?" Swali ni jema. Jibu ni kwamba msichana aliye darasa la saba leo, baada ya miaka michache atakuwa mama, na mvulana aliye kando yake atakuwa baba mwenye kuamua kama yai litauzwa au litaliwa. Na hata leo, ni nani ambebaye mdogo wake na kumnywesha uji wakati mama yuko shamba? Ni mwanafunzi wetu.

Kenya, katika matengenezo ya masomo yaliyofuata ripoti ya mwaka wa 2023, imeunganisha kilimo na lishe kuwa somo moja. Jina tupu halimshibishi mtu, lakini ni dalili ya kuwa jembe na chungu vimeanza kukutana tena. Nasi tusingoje amri. Tuta moja la mchicha, moja la kunde na moja la karanga vyatosha kuanzia. Watoto wapande wenyewe, wavuna wao, wapike wao, wavulana kwa wasichana, nao wale walichopika. Kisha hesabu ya tuta iandikwe daftarini pamoja na hesabu nyingine. Bibi mmoja wa kijijini aitwe aeleze mboga anazozijua. Na mwenye kuchelewa shuleni apewe adhabu nyingine yoyote, asipewe jembe.