Anwani ya Mashine: Kugawiwa au Kupangishwa?

Katika miaka ya 1890 gazeti la Habari za Mwezi lilipigwa chapa katika misheni ya Magila, Muheza. Mashine ya wakati ule haikuhitaji anwani yake yenyewe. Printa ya leo, ikiwa katika mtandao wa kompyuta, haina budi kuwa nayo. Itifaki ya BOOTP (1985) iliigawia mashine anwani iliyokwisha kuandikwa na fundi katika orodha. Itifaki ya DHCP (1993) ikaleta jambo jipya: seva huipangisha mashine anwani kwa muda maalumu. Kwa hiyo twawashauri wafasiri wapambanue 'kugawia' na 'kupangisha'. Muda ukiisha, mpangaji aweza kuhamishwa. Printa ikihamishwa, kompyuta hupiga hodi penye nyumba tupu. Printa na itengewe anwani ya kudumu.