Chembe na Frasila

Machi 1869 David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa wa mapafu, baada ya kubebwa kwenye machela na kuvuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Alitarajia kukuta dawa zilizotumwa kutoka Zanzibar. Hazikuwepo. Zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mwendo wa siku 13 kuelekea mashariki, na njia ilikuwa imefungwa na vita. Daktari alikuwa Ujiji, na mgonjwa alikuwa daktari huyohuyo. Dawa ilikuwa Tabora.

Nilizifungua shajara zake kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikitafuta habari za wapagazi na bei za pembe za ndovu. Nikajikuta nafuatilia chupa za dawa. Tumezoea kusimuliwa historia ya dawa kama historia ya wagunduzi: Pelletier na Caventou, Paris, 1820, kwinini yatolewa kwenye ganda la mti wa sinkona. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji inasimulia jambo jingine. Dawa iliyogunduliwa bado si dawa iliyomfikia mtu. Kati ya hizo mbili kuna kubeba, kutunza, kupima na kuchanganya, na hapo ndipo wengi walipopona au kufa.

Chukua suala la kupima. Bidhaa za msafara zilihesabiwa kwa frasila, karibu kilo 16, na mzigo wa mpagazi Mnyamwezi ulikuwa kama frasila mbili. Lakini ndani ya mmoja wa mizigo hiyo kulikuwa na sanduku ambalo vitu vyake vilipimwa kwa chembe, kipimo cha wauza dawa wa Kiingereza, karibu miligramu 65. Msafara mmoja, mizani mbili. Ukikosea kwenye frasila, unapata hasara. Ukipunguza chembe za kwinini, homa inarudi. Ukizidisha, masikio yanavuma na macho yanaweza kupoteza nuru.

Kisha kuna maji. Kwinini ya unga ilitakiwa kukaa mikavu kwenye chupa yenye kizibo, katika nchi ya mvua na mito. Ulipofika wakati wa kuinywa, unga uleule uliokimbizwa usilowe ulikataa kuyeyuka: gramu moja ya salfeti ya kwinini huhitaji karibu mililita 800 za maji baridi. Matone machache ya tindikali yalisaidia. Livingstone alipendelea vidonge alivyochanganya kwa kwinini, kalomeli, jalapa na rubabi, ili kazi ya kupima ifanyike mapema, kabla homa haijaanza kutetemesha mkono. Kampuni ya Burroughs Wellcome ilifanya biashara ya wazo la namna hiyo: mwaka 1884 ilisajili jina la Tabloid, na masanduku yake ya vidonge vilivyopimwa tayari yakaingia safarini Afrika.

Lakini kidonge nacho kinahitaji mtu wa kukibeba. Januari 1862 Askofu Mackenzie alipoteza dawa zake mtumbwi ulipopinduka kwenye mto Shire. Hakumaliza mwezi huo. Januari 1867 sanduku la dawa la Livingstone lilitoweka msituni pamoja na wabebaji wawili, naye akaandika kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kifo. Vitabu vingi vinasimama kwenye wizi. Mimi naona pia kile ambacho wizi huo unakiri: maisha ya daktari yalikuwa juu ya mabega ya watu ambao vitabu hivyohivyo haviwataji kwa majina.

Miaka hamsini baadaye Tabora ilijikuta tena mbali na dawa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliufanya mji huu kuwa makao ya serikali yao, hadi Wabelgiji walipouteka tarehe 19 Septemba 1916. Meli za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani. Kwinini ikatengenezwa nchini, kwenye taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, kutokana na miti ya sinkona iliyopandwa huko. Vita viliposukumwa kusini, jeshi lilichemsha magamba na kunywa maji yake machungu, askari wakayaita Lettow-Schnaps kwa jina la kamanda wao. Ilikuwa dawa, lakini kwenye kikombe cha namna hiyo chembe haihesabiki.

Amani leo iko wilaya ya Muheza. Karibu miaka mia baadaye, hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya utafiti uliolinganisha kwinini na sindano ya artesunate kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Matokeo yalitoka 2010: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate.

Nayo ni unga. Shangazi yangu, muuguzi mkoani Tabora, alinieleza utaratibu wake. Kichupa cha miligramu 60 kinatiwa mililita moja ya sodiamu baikaboneti, kinatikiswa hadi kiwe angavu. Kikibaki na ukungu, kinatupwa. Kwa sindano ya mshipa zinaongezwa mililita tano za maji ya chumvi, ili kila mililita iwe na miligramu 10. Ikishachanganywa haitunzwi, itumike ndani ya saa moja. Dozi hurudiwa baada ya saa 12, kisha saa 24.

"Kuchanganya ni rahisi, mwanangu," aliniambia. "Kazi ni kujua umpe nani kiasi gani." Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu tatu kwa kila kilo. Wa kilo 15 anahitaji miligramu 45, yaani mililita nne na nusu. Ukikisia kilo, umekisia dozi.

Ndiyo maana kabla ya kugusa kichupa, shangazi humpandisha mtoto kwenye mizani.