Kilo tano kwenye kidole kimoja: kisa cha kifyatulio cha New York

Kabla hujaendelea kusoma, nenda jikoni. Chukua dumu la lita 5, lijaze maji, kisha linyanyue kwa kidole kimoja tu, kile cha shahada. Umelihisi? Sasa jua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 askari wa jiji la New York alitakiwa kuvuta uzito kama huo, kwa kidole hichohicho, ili bastola yake itoe risasi. Paundi 12, yaani kama kilo 5.4. Na bastola yenyewe, ikiwa na risasi zote, haifikii hata kilo moja.

Unaweza kusema, vizuri sana, silaha iwe ngumu kufyatua, tatizo liko wapi? Na mimi nilidhani hivyo nilipoanza kusoma habari hii. Kumbe ndani yake kuna fizikia ya kidato cha pili, fiziolojia ya misuli, na watu waliojeruhiwa au kufa wakiwa hawana kosa lolote.

Tuanzie Austria. Mwaka 1982 jeshi la nchi hiyo lilichagua bastola mpya kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na jina katika biashara ya silaha, Gaston Glock, mwenye karakana Deutsch-Wagram, karibu na Vienna. Bastola yake, Glock 17, ilikuwa na kitako cha plastiki na vipuri vichache. Pia haikuwa na loki ya usalama ya pembeni, ile unayoibonyeza kwa kidole gumba. Vizuizi vyake vyote vilikuwa ndani na kwenye kifyatulio chenyewe: vuta itoke, usivute isitoke. Kwa hiyo swali la "kifyatulio kiwe kizito kiasi gani" likawa kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye bastola nyingi za zamani. Kiwanda kilijibu paundi 5.5, kama kilo 2.5.

Sasa ingia nami ndani ya mashine, maana hapa ndipo utamu ulipo. Glock ikiwa tayari kufyatuka, springi ya pini inayogonga risasi huwa imekazwa nusunusu tu. Unapovuta kifyatulio, ufito wa chuma unarudi nyuma, na mkia wake unaivuta pini hadi springi inamaliza kukazwa. Mwisho wa safari mkia huo unakutana na bati dogo jembamba lililokunjwa pembe. Mafundi wanaliita konekta. Ufito hauna pa kwenda isipokuwa kuteleza kwenye mteremko wa bati hilo kwenda chini, na ukishashuka vya kutosha unaiachia pini. Pwaa!

Unakumbuka somo la mashine rahisi? Kupandisha pipa kwenye lori kwa ubao mrefu uliolala ni rahisi kuliko kwa ubao mfupi uliosimama. Konekta ndiyo ubao wetu. Badilisha kidogo pembe ya mkunjo wake na nguvu inayotakiwa kidoleni inabadilika. Kiwanda kikatengeneza konekta za namna tatu. Ya kawaida ilikuwa ya paundi 5.5. Yenye alama ya kujumlisha ilikuwa ya paundi 8. Yenye alama ya kutoa iliitwa ya paundi 3.5, na ndiyo iliyowekwa mwaka 1988 kwenye Glock 17L, bastola ndefu ya mashindano ya shabaha. Kibati kisichozidi ukucha wa gumba kwa upana kinaifanya bastola ileile ionekane kama mbili tofauti mkononi. Tangu hapo wapenzi wa shabaha Marekani wananunua kibati chenye alama ya kutoa kama vijana wanavyonunua rimu za pikipiki, na ubishi wao kuhusu kipi kinafaa haujaisha hadi leo.

Polisi walikuwa na hofu tofauti. Kwa miongo mingi askari wa Marekani alibeba rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka. Kidole kikivuta kifyatulio cha rivolva kinazungusha silinda, kinainua nyundo, kisha kinaiachia. Kazi hizo zote kwa mvuto mmoja mrefu na mzito. Askari walizoea. Wengine, na hili si siri, walizoea pia kuegesha kidole kwenye kifyatulio wakiwa hawajaamua kupiga, kwa sababu uzito ule uliwasamehe.

Kisha miaka ya 1980 ikaja na hofu ya wahalifu wenye bunduki za risasi nyingi, na idara moja baada ya nyingine zikahamia bastola za kisasa. Polisi wa jiji la Washington walichukua Glock mwishoni mwa muongo huo, zikiwa na kifyatulio chepesi cha kawaida. Mwaka 1998 gazeti la Washington Post lilichapisha uchunguzi wake: katika miaka kumi, bastola hizo zilikuwa zimefyatuka kwa bahati mbaya zaidi ya mara 120. Askari 19 walijipiga wenyewe au kuwapiga wenzao. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba wengi wao hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha. Lakini unajua binadamu tulivyo: kufundisha maelfu ya watu ni kazi ndefu na ya gharama, kubadilisha springi ni dakika chache.

New York ilibadilisha springi. Polisi wa jimbo walitaka bastola mpya iwe na mvuto unaofanana na wa rivolva, na kiwanda kikabuni kipuri ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la New York. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha kama mtu wa fizikia. Springi ya kawaida ya kifyatulio cha Glock inamsaidia mvutaji: inavuta upande uleule wa kidole, dhidi ya springi ya pini. Springi ya New York imegeuzwa kazi. Inapinga kidole, na inapinga tangu mwanzo wa mvuto. Kwa hiyo siyo tu kwamba umeongezewa mzigo, umenyang'anywa na msaidizi. Ya kwanza ilifikisha kama paundi 8. Ya pili, yenye rangi ya chungwa, ilifikisha kama 12. Polisi wa jiji, walioruhusiwa kuanza kuacha rivolva mwaka 1993, ndio waliokuja kujulikana kwa hiyo ya 12.

Je, ilizuia ajali? Hapa tuwaite wataalamu wa misuli. Roger Enoka, mwanafiziolojia wa Marekani, aliandika kuhusu hali tatu zinazoweza kukaza mkono bila mwenyewe kutaka: kushtuka, kupoteza mizani ya mwili, na kutumia nguvu nyingi kwa mkono wa pili. Hiyo ya tatu unaweza kuijaribu mwenyewe. Kamata kitu kwa nguvu zako zote kwa mkono wa kushoto, uone kama wa kulia utabaki umelegea kabisa. Askari anayemvuta mtuhumiwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika bastola yuko katika hali hiyohiyo. Na mkazo huo usio wa hiari unaweza kupita hata paundi 12, kwa sababu kiganja kizima kina nguvu nyingi kuliko tunavyofikiri. Kwa hiyo springi nzito inapunguza hatari, haiiondoi. Kinachoiondoa ni kidole kukaa nje ya kifyatulio hadi umeamua kupiga, kanuni ambayo mwalimu wa shabaha Jeff Cooper aliihubiri miaka mingi.

Usiku wa tarehe 20 Novemba 2014 hilo lilionekana kwa njia mbaya. Askari mgeni kazini, Peter Liang, aliingia kwenye ngazi zenye giza za jengo la makazi ya umma Brooklyn, bastola mkononi. Ikafyatuka. Risasi ikagonga ukuta, ikageuza njia, ikampata Akai Gurley, kijana wa miaka 28 aliyekuwa anashuka ngazi na rafiki yake. Alifariki. Hakuwa na silaha wala kosa. Kesi iliposikilizwa mwaka 2016, wajumbe wa jopo la mahakama, raia wa kawaida tu, walipewa bastola hiyo waivute kifyatulio wenyewe. Kilikuwa na uzito wa kama paundi 11.5. Askari alisema alishtushwa na sauti. Wajumbe, vidole vyao vikiwa vimeonja ule uzito, walimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Baadaye jaji alilishusha kosa na kumpa kifungo cha nje. Fikiri kidogo: springi iliyowekwa ili ajali isitokee ikawa ushahidi wa kutilia shaka kama ile kweli ilikuwa ajali.

Upande wa pili wa sarafu ni shabaha. Bastola ya chini ya kilo moja, ukiivuta kwa kilo tano na ushee, haitulii. Mkono lazima uizuie kwa nguvu ileile, na kosa dogo la mwelekeo, hata la nyuzi mbili, kwenye umbali wa mita 10 linakuwa zaidi ya sentimita 30. Hiyo ni tofauti kati ya kifua cha mtu na mtu aliyesimama nyuma yake.

Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilitoa tathmini ya polisi wa New York. Katika mapambano ya kurushiana risasi kati ya 1998 na 2006, wastani wa risasi za askari zilizofika zilikokusudiwa ulikuwa asilimia 18. Pale ambapo askari hakurushiwa risasi, asilimia 30. Nakuomba usiisukumie springi lawama yote. Hofu, giza na mbio vina sehemu yao. Hata hivyo RAND iliitaka idara iangalie suala la kifyatulio chepesi.

Miaka minne baadaye, tarehe 24 Agosti 2012, mtu mmoja alimuua aliyekuwa mfanyakazi mwenzake karibu na jengo la Empire State. Askari wawili walimfikia kwenye kinjia cha watu, naye akawaelekezea bastola. Walipiga risasi 16, akafa. Wapita njia tisa walijeruhiwa, na idara ilikubali kwamba wote walijeruhiwa na risasi za polisi au vipande vyake. Mjadala wa paundi 12 ukarudi magazetini.

Kwa maoni yangu, New York haikuiondoa hatari, iliihamisha. Ilimpunguzia askari uwezekano wa kujipiga mguuni akitoa bastola kwenye ala, ikamwongezea mama anayevuka barabara nyuma ya mhalifu. Na Washington nayo, kwa kifyatulio chepesi bila mafunzo, ilifanya kinyume chake. Ukiniuliza namba sahihi ni ipi, nitakuuliza kwanza ni saa ngapi za mazoezi askari wako anapata kwa mwaka.

Mwaka 2021 polisi wa New York walitangaza kwamba askari wapya watafundishwa kwa bastola zenye kifyatulio chepesi, takriban nusu ya uzito wa zamani. Tangazo liliwahusu wanaoanza kazi. Aliyeajiriwa mwaka mmoja kabla, ambaye kidole chake kilishazoea dumu la maji, alibaki na springi yake ya rangi ya chungwa.