Siku Kumi na Nne za Leicester

Septemba 1972, Waasia wa Uganda wakiwa wanahesabu siku 90 walizopewa na Idi Amin kuondoka nchini, gazeti la Uganda Argus lilichapa tangazo lililolipiwa na halmashauri ya jiji moja la Uingereza. Ukiondoa lugha ya adabu, lilisema hivi: msije Leicester. Nyumba hazitoshi, shule zimejaa. Walikuja hata hivyo, tena kwa maelfu, kama walivyokuja wengine kutoka Kenya na Tanzania. Hadi leo, kwenye maduka ya vito na sari ya barabara ya Belgrave, si ajabu kumkuta mzee wa Kigujarati ambaye bado ana Kiswahili chake cha Kampala au Kisumu.

Tangazo hilo limeiachia halmashauri ya Leicester aibu isiyofutika. Karibu miaka mia moja kabla yake, halmashauri hiyohiyo ilijijengea jina kwa jambo jingine kabisa: kumfuatilia kila mtu aliyetangamana na mgonjwa, nyumba kwa nyumba. Neno hilo, “waliotangamana”, wengi wetu tulilizoea kwenye taarifa za habari Machi 2023, homa ya Marburg ilipozuka mkoani Kagera, Tanzania. Kazi yenyewe ni ya zamani zaidi.

Leicester ya karne ya 19 ilikuwa mji wa soksi na viatu. Tangu 1853 sheria ya Uingereza ilimlazimisha kila mzazi kumchanja mtoto wake ndui, na kadiri miaka ilivyokwenda adhabu zikawa kali: faini, na asiyelipa vyombo vyake vya ndani vinapigwa mnada au yeye anakwenda jela. Kisha ikaja ndui ya 1871 na 1872, ikaua watu wengi katika mji ambao wakazi wake wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Imani ikavunjika. Wazazi waligoma, mahakama zikajaa mashtaka, na Machi 23, 1885 umati wa makumi ya maelfu ulipita mitaani na sanamu ya Edward Jenner, daktari aliyeanzisha chanjo hiyo, ikiwa imetiwa kitanzi.

Halmashauri ikajikuta imebanwa. Watu wake hawachanji, na ndui haisubiri mjadala uishe. Tangu 1877 kamati yake ya usafi ilikuwa imeanza kujaribu njia nyingine. Mgonjwa akigundulika, habari zifike halmashauri mara moja; mwaka 1879 mji ulijipatia sheria yake wenyewe ya kulazimisha taarifa hizo, miaka kumi kabla Bunge halijatunga sheria ya jumla. Mgonjwa apelekwe hospitali ya homa, nje kidogo ya mji. Nyumba yake ifukizwe dawa, matandiko yasiyofaa yachomwe. Na wote waliolala naye, waliokula naye au waliomuuguza watafutwe na kuwekwa karantini kwa siku kumi na nne, kwa sababu huo ndio takriban muda ambao ndui hujificha mwilini kabla ya kujitokeza.

Ni rahisi kuyaandika haya. Mfikirie sasa bwana afya anayebisha hodi kwa fundi wa viatu anayelipwa kwa idadi ya jozi anazoshona. Asiposhona wiki mbili, wiki mbili hizo nyumbani hakuna mkate wala kodi. Mtu huyo ana kila sababu ya kumficha mtoto mwenye vipele kwenye chumba cha nyuma, na ya kusahau majina ya majirani waliokuja kumjulia hali. Halmashauri ililielewa hilo, ndipo ikafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote hii: iliwalipa watu fidia ya siku walizokosa kazi. Waliokuwa karantini walitunzwa kwa gharama ya mji. Madiwani wa enzi hizo hawakuwa wakarimu wa kupindukia, ila walipiga hesabu wakaona kwamba mishahara ya wiki mbili kwa familia kumi ni nafuu kuliko kuachia ndui ienee mji mzima.

Jambo jingine lilikuwa ni kufahamiana. Mabwana afya hao ndio waliokagua mifereji, vyoo na nyumba za kulala wageni za bei ya chini, ambamo wazururaji wa kutoka miji mingine mara nyingi waliingia na ndui yao. Walijua nani anaishi uchochoro gani, na kiwanda gani kina wafanyakazi wangapi. Orodha ya waliotangamana na mgonjwa ilianzia kichwani mwao kabla haijafika kwenye daftari.

Mtihani ulikuja kati ya 1892 na 1894, ndui iliposambaa Uingereza. Leicester, mji wenye watu zaidi ya 170,000 na watoto wengi wasiochanjwa, wataalamu walikuwa wameutabiria maafa. Watu mia kadhaa waliugua, lakini waliokufa hawakufika 30.

Wapinga chanjo wa wakati ule waliigeuza Leicester bendera yao, na wa leo bado wanaipeperusha. Wanachokiruka ni kwamba mbinu hiyo iliegemea chanjo kuliko walivyopenda kukiri. Wauguzi waliowahudumia wagonjwa kwa kawaida walichanjwa, na baadhi ya wahudumu wa hospitali waliokataa waliambukizwa. Waliokuwa karantini nao walishawishiwa wachanje. Dk. Killick Millard, mganga mkuu wa mji kuanzia 1901, aliyeitetea sana mbinu ya Leicester, hakuwahi kusema kwamba chanjo haifai. Alichopinga ni kuilazimisha kwa kila mtoto huku kumtafuta mgonjwa kukipuuzwa.

Mwaka 1977, miaka mia moja kamili tangu kamati ile ianze, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana pwani ya Somalia: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka. Waliotangamana naye walisakwa mmoja mmoja, 161 kwa hesabu, na mji ukapekuliwa nyumba kwa nyumba. Safari hii chanjo na ufuatiliaji vilikwenda bega kwa bega.

Halafu ikaja 2020. Serikali ya Uingereza iliukabidhi ufuatiliaji wa korona kwa mfumo wa taifa wenye maelfu ya wapiga simu walioajiriwa kupitia kampuni binafsi, wanaosoma maswali kwenye kompyuta na kumpigia mtu ambaye mtaa wake hawajawahi kuukanyaga. Juni 29 Leicester ikatangazwa kuwa jiji la kwanza la Uingereza kufungiwa peke yake. Meya Peter Soulsby alilalamika hadharani kwamba kwa wiki kadhaa jiji lake lilikuwa likiomba takwimu za waliopimwa, mtaa kwa mtaa, na kuambulia vipande tu. Nani angeufuatilia ugonjwa bila kujua mgonjwa anakaa wapi?

Halmashauri ikaingia mitaani na watu wake, ikibisha hodi na kupeleka vipimo mlangoni. Agosti serikali ikalegeza kamba: ilipunguza wapiga simu wa taifa kutoka 18,000 hadi 12,000, na wasiopatikana kwa simu wakaachiwa timu za halmashauri, kwa mtindo uliojaribiwa Blackburn, Luton na Leicester.

Ikabaki pesa. Posho ya kisheria ya ugonjwa ilikuwa pauni 95.85 kwa wiki, na wenye kipato cha chini zaidi hawakuipata kabisa. Katika jiji lililokuwa bado linashona nguo, watu wa namna hiyo hawakuwa wachache. Septemba 28, 2020 ndipo serikali ilipoanza kutoa pauni 500 kwa mtu wa kipato kidogo aliyeagizwa kujitenga na asiyeweza kufanyia kazi nyumbani. Aliyetangamana na mgonjwa alitakiwa kujitenga siku kumi na nne. Fomu za kuomba pesa hizo zilipelekwa halmashauri.