Babu Hakuwa na Mswaki wa Duka

Ukiwaambia wazazi hapa Kiryandongo wawasugue watoto meno, jibu ni lile lile: "Babu hakuwa na mswaki, na alikufa na meno yake yote." Mara nyingi ni kweli. Lakini babu alikula nini?

Sisi Wakenya tuliovuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008 tulikaa kwanza Mulanda, si mbali na Kirewa. Pande zile, kama kwetu Kenya, wazee walitafuna kijiti mpaka ncha ikawa brashi. Hata neno mswaki ni la kijiti hicho, limetoka Kiarabu. Brashi ya nailoni ilianza kuuzwa Marekani 1938 tu.

Kijiti kilipambana na wimbi, mtama na mboga. Sukari ya kiwandani ilikuja baadaye: Lugazi 1924, Kakira 1930, na ng'ambo Kenya, Mumias 1973. Amin alipowafukuza Wahindi 1972, viwanda vya Uganda vikadidimia, sukari ikawa ya magendo, kitu cha kufichwa. Labda ndiyo maana bado tunaiona kama zawadi. Leo inauzwa kibandani kwa vipimo vidogo vya nailoni, na uji usio nayo mtoto anausukuma kando. Vijidudu vya mdomoni hula sukari hiyo na kutoa asidi inayotoboa jino. Mzigo umeongezeka, kijiti ni kile kile.

Kwa hiyo kwenye kikundi chetu, uji ukiisha, kila mtoto anasukutua kwa maji na kutema. Kusugua ni asubuhi, na usiku kabla ya kulala, mkubwa akishika mkono wa mtoto. Dawa (sisi yoyote tunaiita Colgate, hata kama si yenyewe) iwe na floraidi: chini ya miaka mitatu kama punje ya mchele, mpaka sita kama njegere. Wengine wanajaza brashi nzima kama kwenye tangazo. Ni hasara tu.

Ndugu zetu wa mashirika, sabuni mnatupa, asante. Mswaki wa mtoto tumeungoja sana.

Halafu kuna wanaosema, "Si ni meno ya utotoni, yatang'oka tu." Karibu na miaka sita huota gego la ukubwani nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kwanza. Mzazi anadhani ni la utotoni, analiacha lioze. Hilo halina la kulirithi. Mwambie mtoto aachame, uhesabu: gego la sita kutoka katikati, juu na chini, kila upande.